Usiitajie Namba Ikiwa Imelala

Wapo watu wanaojisifu kwa kile walichokiona, na wapo wanaojisifu kwa kile wasichohitaji kukitazama. Mchanganyaji wa duka lile la rangi alikuwa wa kundi la pili, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fumbamacho. Jina hilo hakubandikwa na maadui, alilipigania mwenyewe. Tangu siku alipovaa koti la kazi alikuwa akiwaambia wateja kwamba krimu ya maziwa yeye anaichanganya hata akifungwa kitambaa usoni, na mtu akirudia neno miaka nenda rudi, watu huchoka kumbishia, wakamwachia.

Duka lenyewe lilikuwa refu na jembamba kama jeneza la twiga. Mbele kaunta, katikati rafu za makopo, na mwisho kabisa, chini ya taa ndefu, meza yenye mizani, chupa za rangi za kukolezea, na kompyuta. Msifikirie hizi za kukunja mnazobeba kwapani. Hii ilikuwa kibodi nene iliyochomekwa kwenye televisheni yenye kisogo, na ubavuni mwake kinasa cha kaseti. Marehemu mwenye duka aliinunua enzi ambazo watu walilipa nauli kwenda kuitazama kompyuta kama wanavyokwenda kumtazama simba. Akajifunza lugha yake, inayoitwa BASIC, kutoka kwenye kitabu kilichokwisha jalada, akaiandikia kazi moja tu: uipe namba ya rangi, nayo ikutajie gramu za kila kolezo la kutia kwenye ndoo ya nyeupe.

Kila rangi ilikuwa na mstari wake, na namba ya mstari ndiyo ilikuwa namba ya rangi. Krimu ya maziwa ilikuwa 140. Jirani yake, 150, ilikuwa pinki ya alfajiri. Marehemu alizipanga kwa undugu, zinazofanana zikikaa bega kwa bega kama watu wa ukoo mmoja kwenye picha.

Aliacha pia masharti mawili. La kwanza, kwa kuwa mashine ile ilikuwa na kichwa cha kuku na ukizima umeme inasahau yote, kila jioni kazi irudishwe kwenye kaseti, juu ya ile ya jana, na kila asubuhi isomwe upya. Sharti hilo lilikuwa na maana siku alizokuwa akiongeza rangi mpya. Baada yake likaendelea kwa mazoea tu, kama mtu anayeendelea kufunga geti la nyumba isiyo na ukuta. Sharti la pili lilikuwa la ajabu zaidi: usiitajie namba ikiwa imelala. Kulala maana yake ile kazi imesimama, na kwenye kioo kumebaki kijidoa kinachopepesa peke yake. Marehemu akimkuta mtu anabonyeza namba wakati huo, alimchapa kofi mkononi. Akiulizwa sababu, alijibu kwa maneno ya kitabuni ambayo hakuna aliyeyashika. Alipokwenda zake, sharti likageuka mzaha wa duka. Mtu akisinzia kaunta, wenzake walinong'onezana, msimtajie namba huyo, amelala.

Sasa tazameni kazi ya Fumbamacho ilivyokuwa. Mteja akisema anataka 140, Fumbamacho anageuka upande wa rafu, mgongo kwa mashine, mkono wa kushoto anaupeleka nyuma kama mtu anayejikuna, na kwa vidole vyake anabonyeza moja, nne, sifuri, na kitufe cha kukubali. Mashine inalia pip, pip, pip. Mteja anavimba kichwa kwamba kompyuta imeulizwa. Lakini jibu lake nani analisoma? Fumbamacho ameshaipokea ndoo, ameshazipindua chupa, na kolezo linamwagika kwa mkono uliozoea. Kuiuliza mashine kwake ilikuwa kama kumwuliza jirani habari za asubuhi: unauliza ukiwa umeshampita. Zile rangi zisizopendwa, ambazo huombwa kwa nadra, ndizo pekee alizogeuka kuzisomea gramu. Akiikuta mashine imelala, aliiandikia RUN, neno la kuiamsha, akaendelea. Injini ya zamani, alisema, lazima izimezime.

Hakujiuliza kwa nini ilikuwa inalala mno siku za karibuni. Sababu ilikuwa tone la rangi. Lilikuwa limedondokea kitufe cha kukubali, likakauka chini yake, kitufe kikawa kigumu kama mlango uliovimba mvua. Fumbamacho akaanza kukigonga mara mbili, ka-ka, kama mtu anayebisha hodi kwa mwenye deni. Kitu kidogo. Nani angejali.

Nyumbani Fumbamacho alikuwa na binti mmoja. Binti huyo alikuwa mpima nguo katika kiwanda cha mashati, na kiwanda kilipofungwa akarudi kukaa kwa baba yake, mtu mzima aliyezoea kuamka mapema na sasa hana pa kwenda. Alifagia ua hata pasipokuwa na takataka. Fumbamacho alimwombea nafasi kwa mjane mwenye duka, mwanamke wa maneno machache ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alikubali kumjaribu. Akionekana anafaa, atabaki. Akiharibu, asije na machozi. Fumbamacho alimjibu kwamba damu yake haijawahi kukosea rangi, na kama ikikosea, yeye mwenyewe atamfungulia mlango wa kutokea. Watu wote waliokuwa kaunta walisikia. Mdomo ni nyumba ya maneno, lakini wa huyu ulikuwa hauna mlango.

Binti alianza vizuri. Alikuwa mkimya, mikono yake haikutetemeka, na kila kopo alilirudisha mahali lilipotoka. Baba alimfundisha kila kitu isipokuwa jambo moja: namna ya kutotazama. Hilo alisema huja lenyewe.

Kisha jino likamwuma Fumbamacho. Shavu lilivimba hadi jicho likabaki ufa, na yule msemaji wa mtaa akawa anaongea kwa vidole. Alikwenda kung'olewa, akalala nyumbani na pamba mdomoni. Bi Mkubwa aliona ndiyo nafasi ya kumpima yule binti vizuri, akamwachia meza ya kuchanganyia.

Siku hiyo hiyo nyapara wa wapaka rangi akapiga simu. Kikosi chake kilikuwa kinapaka wodi mpya ya wazazi, jengo kubwa kando ya barabara, na krimu iliwaishia katikati ya ukuta wa mbele. Aliagiza ndoo nyingine za 140, zile zile alizochanganyiwa na Fumbamacho wiki iliyotangulia. Binti akaketi mbele ya mashine, akaandika 140, akasoma gramu kwenye kioo, akazipima moja moja kwa mizani, akachanganya, akafunga vifuniko. Rangi mbichi ndani ya ndoo haisemi ukweli. Zote hufanana na uji. Alilinganisha na kadi ya rangi ya ukutani, lakini kadi ilikuwa imepigwa na jua la dirishani hadi krimu, pinki na kijivu vyote vimekuwa mashemeji. Ndoo zikaenda.

Wapaka rangi wanalipwa kwa ukuta, si kwa maswali. Walipaka.

Kesho yake asubuhi, rangi ilipokauka, watu waliopita barabarani walisimama. Ukuta wa mbele wa wodi ya wazazi ulikuwa nusu krimu ya maziwa, nusu pinki. Na si pinki ya kujificha. Ilikuwa pinki ya ufizi, ya mdomo uliofunguliwa kwa daktari, ilianza katikati ya dirisha la tatu, ikaendelea hadi pembeni. Muuguzi mmoja aliyefika kazini alishuka kwenye baiskeli, akaitazama, akapanda tena kama mtu aliyekosea njia. Mganga mkuu alimwita nyapara, akamwambia kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko makelele, kwamba ukuta uwe rangi moja kabla wodi haijafunguliwa, la sivyo kazi yote iliyobaki, ndani na nje, itakwenda kwa watu wa duka jingine.

Nyapara alikuja dukani na kipande cha lipu kilichopakwa rangi zote mbili, akakiweka kaunta kama mtu anayeweka panya aliyekufa. Bi Mkubwa alikitazama. Binti alikitazama. Akatumwa mtu kwenda kumwita Fumbamacho, jino au hapana jino.

Akaja, shavu bado limejaa, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Alipokiona kipande cha lipu alipigwa na butwaa. Yeye ambaye hakuwahi kutazama, alitazama sasa hadi macho yakamtoka. Kisha aibu ikageuka hasira, kama kawaida ya aibu, na hasira ikatafuta mtu wa karibu.

"Nilikwambia moja, nne, sifuri," alimwambia binti yake, maneno yakipita kwa shida kando ya pamba. "Wewe umeandika nini?"

"Moja, nne, sifuri, baba."

"Basi umesoma vibaya."

"Nimesoma nilichokiona."

Nyapara akacheka kidogo, akasema kumbe ile damu isiyokosea imechanganywa na maji. Bi Mkubwa hakucheka. Alimkumbusha Fumbamacho maneno yake kuhusu ule mlango wa kutokea, bila kuyapamba, akasema ataipima ile mashine mbele yao wote: ikisema krimu, binti ataondoka leo na hatarudi. Ilikuwa haki. Fumbamacho mwenyewe alikubali kwa kichwa, haraka kuliko baba yeyote anavyopaswa kukubali, kwa kuwa hakuwa na shaka hata chembe. Binti alivua koti la kazi kabla hajaambiwa, akalikunja, akaliweka juu ya kaunta. Lile koti lililokunjwa ndilo lililomuuma Fumbamacho kuliko jino. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Bi Mkubwa akaandika 140 kwa kidole kimoja, polepole. Wote wanne wakainamia kioo.

Gramu zikatokea. Fumbamacho hazikumwambia kitu, kwa sababu, jamani, huyu bwana hakuwahi kujua krimu yake ni gramu ngapi. Aliijua kwa mkono. Ila aliona jambo moja: palikuwa na kolezo jekundu, na jingi. Krimu ya maziwa haina jekundu. Inapewa njano kidogo, kahawia kama majuto, kidogo na mwishoni, basi. Akamwomba Bi Mkubwa aandike tena. Akaandika. Jekundu likarudi lile lile.

"Mashine imeharibika," alisema, na sauti yake haikuwa na Fumbamacho ndani yake.

Binti, akiwa bado hana koti, aliuliza kwa adabu kama anaruhusiwa kuandika 150. Akaandika. Zikaja gramu zile zile, hazikuongezeka wala kupungua. Akaandika 160, ikaja nyingine kabisa, sawasawa. Akaandika 210, kijivu cha wingu, ambacho Fumbamacho alikiuza kila wiki. Ikaja ile ya 220. Ukimwita asiyekuwepo, anaitika jirani yake, tena bila haya, kwa sauti ile ile. Haikusema sina, haikusema nimesahau. Ilitoa jibu la mtu mwingine kama mwanafunzi anayechungulia daftari.

Bi Mkubwa akasema mumewe alikuwa na kitufe cha kuisimamisha mashine, na neno la kuifanya ijisome yote kuanzia juu hadi chini. Alivikumbuka baada ya kutafuta kichwani. Wakaisimamisha, wakaliandika, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, namba kwa namba. Binti alizisoma kwa sauti. Baada ya 130 ikaja 150. Baada ya 200 ikaja 220. Mia mbili na hamsini haikuwepo. Mia tatu na kumi haikuwepo, wala mia tatu na thelathini. Na kwa kila pengo, Fumbamacho alilitaja jina la rangi iliyotoweka kabla binti hajamwuliza: krimu ya maziwa, kijivu cha wingu, bluu ya shule, hudhurungi ya mlango, kijani cha majani makavu. Sauti ilizidi kupungua. Zilikuwa rangi zake. Zile zile alizojisifu nazo, zile alizozichanganya mgongo kwa mashine, na hakuna hata moja kati ya nyingine iliyoguswa. Kama mwizi aliingia, basi alikuwa mwizi anayempenda sana Fumbamacho.

Nyapara aliacha kucheka. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona nyoka chini ya meza. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Fumbamacho alijitetea. Alisema yeye haandikagi kitu kibaya, anaandika namba tu, na akataka waone. Akageuka kuelekea rafu, kwa madaha ya zamani yaliyobaki kidogo, akapeleka mkono nyuma, akabonyeza 170, manjano ya ndizi, rangi nyingine ya sifa zake, kisha ka-ka. Pip, pip, pip. "Hivi," alisema. "Miaka yote, hivi."

Binti alikuwa anatazama kioo. Aliandika tena lile neno la kuisomesha mashine, mistari ikapanda, na baada ya 160 ikaja 180.

Manjano ya ndizi ilikuwa imetoweka mbele ya macho yao, mchana kweupe, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anaonyesha kwamba hana kosa. Fumbamacho aligeuka, akakiona kioo, akaishika meza. Kitambaa cha shavuni kilifunguka, naye hakukifunga.

Bi Mkubwa ndiye aliyeketi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mdomoni. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alilirudia lile sharti la marehemu bila mzaha. Usiitajie namba ikiwa imelala. Sasa maneno ya kitabuni yakamjia, yale aliyoyasikia mara mia akiwa anaosha vyombo. Mumewe alikuwa akisema mashine hii ina masikio mawili. Ikiwa kazini, namba unayoitajia inaichukua kuwa jibu la swali lake. Ikiwa imelala, namba hiyo hiyo inaichukua kuwa amri: mstari wenye namba hii, uweke hivi ninavyokuambia. Na usipoiambia kitu mbele ya namba, inaelewa kwamba umetaka mstari ule uwe bila kitu. Inaufuta. Hailii kilio tofauti, haiulizi una hakika. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia ondoa kiti ulichokalia, anakiondoa.

"Na nani anailaza?" Fumbamacho aliuliza.

Binti alikuwa ameshakitazama kile kitufe kilichoganda rangi. Aliiamsha mashine, akaandika 160, akagonga mara mbili kama baba yake. Pigo la kwanza lilileta gramu. La pili lilikuwa jibu tupu, jibu la mtu asiyetaka kitu, na mashine, kwa adabu zake, ikaona imeagwa. Ikalala.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mteja wa kwanza wa kila siku aliiuliza mashine, na ka-ka ikailaza. Waliofuata, hadi alipoiamsha tena, kila mmoja aliifuta rangi aliyoiomba. Jioni Fumbamacho, mtiifu kwa marehemu, alirekodi uharibifu wa siku nzima juu ya kaseti ya jana, akazima taa, akaenda nyumbani kujisifu. Hakuna kaseti nyingine iliyobaki salama, kwa kuwa sharti lilikuwa juu ya ile ya jana.

Bi Mkubwa alilichukua koti lililokunjwa juu ya kaunta, akampa binti. Fumbamacho aliona, naye alitaka kusema kitu kwa mwanawe, kikubwa, cha baba. Kilichotoka ni kwamba alisoma sawasawa.

"Najua, baba," binti alisema, akifunga vifungo. "Sasa nipe krimu."

Kwa sababu ukuta ulikuwa bado ufizi, nyapara bado alikuwa amesimama pale, na krimu haikuwepo tena popote duniani isipokuwa ndani ya mkono mmoja. Wakamwuliza Fumbamacho gramu. Hapo ndipo aliposhtuka kuliko kwa yote: alipoingia kichwani mwake kuitafuta 140, alikuta chumba kitupu. Njano kiasi gani? Kiasi chake. Kahawia je? Mpaka inatosha.

Nyapara alisema basi twende duka jingine. Binti akamwomba asubiri. Alimpa baba yake ndoo ya nyeupe, akazipanga chupa kama zinavyokaa siku zote, kisha akaiweka ndoo juu ya mizani. "Geukia rafu," alimwambia. "Fumba macho kweli. Changanya kama mtu yuko kaunta anakusifia."

Ndipo mkono ukakumbuka kile kichwa kilichosahau. Fumbamacho alifumba jicho lililovimba na lile zima, akashika chupa ya njano, akaipindua, akaisimamisha. Binti akasoma mizani, akamwambia Bi Mkubwa aandike. Kahawia, akaipindua kwa mtingisho mdogo wa kifundo ambao mwenyewe hakujua anao, mara mbili, ya pili fupi. Binti akasoma. Akamfanyisha tena kwenye ndoo ya pili, na ya tatu, kwa ubishi wa mpima nguo asiyeamini kipimo kimoja. Namba ziliachana kwa unywele. Krimu ilikuwa mle mle.

Nyapara alichovya kijiti, akakipaka kwenye kipande cha lipu pembeni ya ile rangi ya wiki iliyotangulia, akakipuliza, akakianika mlangoni penye jua. Walisubiri wakiwa wamekisimamia kama wagonjwa wa foleni moja. Kilipokauka, alikigeuza huku na huku kutafuta mpaka kati ya rangi mbili. Hakuupata. Akasema hakuna haja ya duka jingine, akatoka na ndoo zake, na mlangoni akamwita binti "fundi". Hakumwita Fumbamacho kitu.

Rangi nyingine zilifuata mchana ule. Bluu ya shule mkono uliijua. Kijivu cha wingu, manjano ya ndizi, hudhurungi ya mlango, zote. Kila iliyopatikana, binti aliiweka ndani ya mashine kwa namba yake na gramu zake mbele, naye aliuliza mara mbili kama imelala au iko kazini kabla ya kugusa chochote. Fumbamacho alianza kurudiwa na rangi usoni. Alianza hata kusema kwamba, mkitazama vizuri, yeye ndiye kaseti ya duka.

Ilibaki moja, 330, kijani cha majani makavu. Akafumba macho, akamimina. Binti akasoma. Ndoo ya pili, namba zikawa mbali kabisa na za kwanza. Ya tatu, mbali na zote. Binti akamtazama baba yake, naye kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutaka kufumbua macho.

"Hii unaijua, baba?"

Akasema kijani hicho wateja hawakiombi mara nyingi, lakini alishajitapa kwamba anakijua kama krimu, na siku walipokiomba aliona haya kugeuka kusoma wakati anatazamwa. Kwa hiyo alikuwa anakisia. Kila mara kilitoka kijani fulani, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama na ndoo mbili mikononi, moja ya kwanza na moja ya tatu. Alizitazama, akazitazama tena. Sebuleni kwake kuta mbili zilikuwa za kijani cha majani makavu, zilizopakwa kwa nyakati mbili tofauti na mkono wa duka lake mwenyewe, na hazikuwahi kupatana. Kwa miaka alilaumu jua la dirishani. Alibadilisha pazia. Aligombana na marehemu juu ya lile dirisha, akataka lizibwe kwa matofali, na marehemu aliapa kwamba jua halina kosa, wakanuniana msimu mzima. "Kumbe si jua," alisema polepole, kama mtu anayezungumza na aliye mbali. Kisha akaanza kucheka, cheko lililogeuka likawa karibu kilio, na Fumbamacho akatamani jino jingine lianze kumwuma papo hapo.

Hakufukuzwa. Alipewa adhabu mbaya zaidi kwa mtu wa aina yake. Meza ya mashine ilikuwa ya binti kuanzia siku hiyo, na yeye alibaki kumimina. Alipewa pia kijiti cha pamba na mafuta ya kusafishia akatoe lile tone lililoganda chini ya kitufe, na alikisafisha kitufe hicho kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, amekiinamia, mgongo kwa wateja.

Asubuhi iliyofuata, mteja wa kwanza alisimama kaunta akaomba 140. Mkono wa Fumbamacho ulikwenda nyuma wenyewe, ukakuta hewa. Kibodi ilikuwa imehamishwa. Binti aliandika, akagonga mara moja.

"Subiri ijibu kwanza," alimwambia.

Fumbamacho akageuka. Macho yake, yote mawili, yalikuwa wazi kwenye kioo, na midomo ilikuwa inacheza kidogo, akizisoma zile gramu za mkono wake mwenyewe kama mtu anayetambulishwa kwa mtoto wake akiwa amekua.